Mkalimani Chini ya Cherehani

Jumatatu, 4 Machi

Nesi wa mazoezi ameniambia niandike kila siku Mama amesema nini na ametaka nini, ili akija tena aone kama kuna nafuu. Nikamwambia, dada yangu, hiyo kazi nyepesi, Mama anasema neno moja tu. Akadhani namtania. Akamwinamia Mama kitandani, akamuuliza, "Mama, umeamkaje leo?"

"Kesho," Mama akajibu.

Ndilo neno pekee kiharusi kilichomwachia. Mwanamke aliyeweza kugombana na mteja, kuniagiza uzi na kuimba, vyote kwa pumzi moja na pini kazibana mdomoni, amebaki na "kesho". Na mtaa mzima unajua kwa nini limebaki hilo. Ndilo alilolisema kuliko maneno yote maishani mwake. Gauni langu tayari, Fundi? Kesho. Na suruali ya mume wangu? Njoo kesho, mwanangu, vimebaki vifungo tu. Wateja walimbatiza Fundi Kesho, naye akalipokea jina kwa kicheko. Mwalimu, mteja wetu wa sare za shule, alipokuja kumpa pole akajibiwa "kesho", alicheka hadi machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha.

Leo: amesema kesho. Amekunywa supu nusu bakuli. Mvua za msimu zimeanza.

Alhamisi, 7 Machi

Nesi ameuliza kwa simu namwelewaje Mama. Nikamjibu ukweli: simwelewi. Anayemwelewa ni mbwa.

Sasa nimeona bora niandike kuhusu huyo mbwa, nisije nikaonekana nimechanganyikiwa. Anaitwa Meneja. Ni mbwa wa Mama, wa kahawia, mzee, sikio moja limelala. Jina alilipata kwa tabia: tangu akiwa mtoto hakuna kazi aliyowahi kufanya humu ndani ila kukaa chini ya cherehani ya Mama na kusimamia wenzake. Kidevu anakiweka juu ya mguu wa kushoto wa Mama. Mama akikanyaga pedali, mguu unapanda na kushuka, kichwa kinapanda na kushuka nao, na bwana mkubwa anakoroma.

Tangu Mama augue, kitanda tumekileta hapa hapa chumba cha kushonea, niweze kumwangalia huku nafanya kazi. Akisema "kesho", mimi naanza kubahatisha. Maji? Mto? Choo? Nifungue dirisha? Anafumba macho kwa hasira. Meneja anamsikiliza mara moja tu, anainuka na kujikokota. Akienda kusimama kwenye jagi, ni maji. Akienda kwenye mlango wa nyuma, ni choo. Akiweka pua kwenye blanketi, ni baridi. Hakosei.

Sijui anasikia nini. Mimi nimetoka tumboni mwa huyu mwanamke, nimekaa naye miaka na miaka cherehani zetu zikitazamana, na ninachosikia ni neno moja. Mbwa anasikia yote yaliyofichwa ndani yake. Naona wivu. Nimeandika, na sifuti.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Maji, choo, blanketi. Meneja yuko kazini.

Jumamosi, 16 Machi

Kaka amekuja, viatu vyote tope. Anataka kumchukua Mama akaishi kwake, mji mwingine, safari ya siku nzima. Ana nafasi, ana msaidizi wa kushinda naye.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wewe unashona, unapika, unamgeuza Mama, unamwogesha. Utaanguka na wewe, halafu nitawabeba wawili."

"Na Meneja?"

"Unajua kifua cha mwanangu. Manyoya kidogo tu, usiku mzima hapumui. Mbwa hawezi kuja."

"Basi na Mama haendi. Huko kwako nani atamwelewa?"

"Na hapa nani anamwelewa?"

Nikamwonyesha chini ya cherehani. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mama akasema "kesho", taratibu, akimtazama yeye. Meneja akatoka alikolala, akapita mbele yangu kana kwamba sipo, akaenda kuweka kichwa juu ya viatu vya Kaka vilivyolowa. Nikatazama. Kaka alikuwa anatetemeka kwa baridi, soksi zinachuruzika, na mimi sikuwa nimeona. Mama alikuwa anasema mpe mwenzio kitu kikavu avae.

Kaka akaacha kucheka. Alivua viatu, akazikamua soksi mlangoni. Mwisho akasema, "Sawa. Mvua zikiisha, barabara ikikauka, nitakuja na gari. Nikikuta anaeleweka, atabaki. Nikikuta mnabahatisha, namchukua, na wewe usininunie."

Tukakubaliana hivyo. Meneja nimempa mfupa wenye nyama yake, kama bonasi.

Jumanne, 19 Machi

Mama amemwaga maji. Kikombe kizima, sakafuni, sentimita chache kutoka vitambaa vya sare za Mwalimu.

Jumapili, 24 Machi

Amemwaga tena. Na hana kiu, hilo ndilo linalonitoa akili. Meneja anakwenda kwenye jagi, anasimama, ananitazama. Nampa Mama maji, anageuza uso. Meneja anarudi kwenye jagi. Namwekea Mama kikombe mkononi, ule mkono mzima, nakunja vidole vyake mimi mwenyewe. Nikigeuka kuchukua mkasi, pwaa, chini.

"Mama, unataka au hutaki? Sema moja!"

"Kesho."

Nimemfokea mama yangu mzazi kwa sababu ya kikombe cha maji. Baadaye nimempaka mafuta miguu.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi. Mlango wa nyuma nimeufunga, nafungua asubuhi na usiku tu, maji yasije yakaingia kwenye vitambaa. Bakuli la Meneja liko huko nje, ukishuka ngazi, chini ya mchirizi wa bati, linafurika muda wote. Angalau yeye mwaka huu hajui shida ya maji.

Ameshinda anakwaruza ule mlango. Kila akikwaruza namnyanyua Mama, namkalisha kwenye beseni la choo, kiuno kinaniuma kama kinataka kukatika, na Mama hafanyi chochote. Ananitazama tu. "Kesho, kesho, kesho!" Tumegombana, mimi kwa maneno elfu, yeye kwa moja, na nina hakika yeye ndiye aliyenishinda.

Jumatano, 3 Aprili

Leo siku mbaya. Meneja amekojolea sare. Mashati yalikuwa yamekwisha kupigwa pasi, yamekunjwa kwenye kikapu, yanamngoja Mwalimu. Tangu azaliwe mbwa huyu hajawahi kufanya uchafu ndani. Nilipandwa na hasira, nikamchapa kwa kandambili. Hakulia. Alijivuta chini ya cherehani, akageukia ukuta.

Mama ndiye aliyelia. Alipiga ukelele wa "kesho!" ambao sijawahi kuusikia kutoka kwake, akanirushia kisanduku cha bobini. Kilinipata begani, nyuzi zikatawanyika chumba kizima.

Nilikaa chini kuziokota moja moja nikasema kwa sauti, ili asikie vizuri, kwamba pengine Kaka ana haki, pengine huko aendako watamvumilia kuliko mimi. Ningeweza kuyameza yale maneno. Niliyatoa yote.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua. Mama hanitazami. Meneja halili, amenuna na yeye. Nimezungukwa na watu walioninunia na mmoja wao ana mkia.

Jumapili, 14 Aprili

Kaka amepita ghafla, yuko safari ya kikazi. Alitaka kuona hali. Nikajidai sana. "Kaa hapo, utazame."

"Kesho," Mama akasema. Meneja akainuka. Alichukua muda, miguu ya nyuma ikimcheza. Akaenda kwenye jagi.

"Maji," nikasema, kama mwenye duka.

Nikampa Mama maji. Akafunga mdomo. Nikambembeleza. Akatikisa kichwa, akasema "kesho" tena na machozi yakaanza kumshuka, na Meneja amesimama pale pale kwenye jagi, kichwa chini. Kaka alichukua kikombe mkononi mwangu taratibu, akakiweka mezani.

"Mnabahatisha," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa nafuu kama angesema kwa ubaya.

Alipoondoka nilimwinamia Meneja nikamwambia, "Umenitia aibu. Siku moja niliyokuhitaji, umenitia aibu." Alinilamba kidole. Ulimi ulikuwa mkavu kama kitambaa cha turubai. Nikajisemea, mbwa kazeeka.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekaa muda mrefu na kalamu. Sijui nianzie wapi.

Mwalimu alikuja mchana kupima sketi. Nilimwekea Mama kikombe chake mkononi, kwa mazoea tu, nikampeleka Mwalimu mbele ya kioo kikubwa. Nilikuwa nimepiga magoti, nimeshika pindo, pini mdomoni, nikainua macho kwenye kioo kuona kama pindo limekaa sawa. Nikamwona Mama nyuma yetu.

Hakujua kama namwona. Alikuwa amekishika kikombe kwa vidole vyote, anatetemeka, anakisogeza ukingoni mwa kitanda pole pole, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano nyembamba. Alikiinamisha. Maji yakatiririka sakafuni polepole, uzi mwembamba, hayakumwagika ovyo. Meneja alikuwa chini pale amelala ubavu, akatoa ulimi, akayalamba bila kuinua kichwa. Mama akamngoja amalize. Akamimina tena kidogo.

"Kesho," akamwambia. Kwa sauti ndogo, laini, ambayo mimi sikumbuki kupewa tangu nilipokuwa nabebwa.

Pini zilinidondoka mdomoni.

Nimeelewa yote mara moja, kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Bakuli lake liko nje, na nje mimi nimefunga. Hata nikifungua, miguu yake haishuki tena ile ngazi. Kwenye jagi alikuwa anasema ana kiu yeye. Kwenye mlango alikuwa anaomba kutoka yeye, mpaka akashindwa kujizuia, nikampiga. Tumemfanya mkalimani, tukamsifu, tukampa na bonasi, na siku aliposema lake mwenyewe nilikimbia kumuuliza Mama anataka nini. Mama ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Wiki zote hizi. Kwa neno moja na mkono mmoja.

Mwalimu aliuliza, "Fundi, kuna nini?" Nikashindwa kusema. Mimi, mwenye maneno elfu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimempeleka kwa daktari wa mifugo kwenye kikapu cha vitambaa, nimemfunika shuka, mvua inatupiga. Mwalimu alikaa na Mama.

Daktari alimbonyeza tumbo, akamfunua fizi, akachukua damu. "Anakunywa maji sana siku hizi?"

"Nilidhani ni mama yangu."

Akaacha kuandika. "Hebu dada, eleza taratibu."

Nikaeleza. Hakucheka. Alisema ni figo, zimekwisha, na kiu na mkojo ndio mwanzo wake. Nikamuuliza kama ningemleta mwezi uliopita ingekuwaje. Kwanza alipanga vichupa vyake ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. "Tungempunguzia mateso," akasema. "Na muda kidogo angeupata."

Sasa hivi kilichobaki ni sindano ya kumlaza moja kwa moja. Daktari anaweza kuja kumchomea nyumbani, ni bora kuliko pale kwenye meza ya bati. "Zungumza na mwenye mbwa," akaniambia.

Mwenye mbwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilimsogezea Meneja bakuli pembeni ya kitanda, amekunywa mpaka akapumzika katikati. Halafu nikakaa mbele ya Mama nikamshika mkono ulio mzima.

"Mama, Meneja anaumwa. Haponi. Daktari anaweza kuja ampe sindano, asiumie tena. Nimwite? Ukisema asije, haji. Nimwite?"

Alinitazama, akamtazama mbwa, akanitazama tena. Mdomo wake ulihangaika. Niliona anatafuta neno jingine, anazunguka ndani ya kichwa chake kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, lolote lile, ndiyo, hapana, lolote. Akakosa.

"Kesho," akasema.

Na mimi, Mungu wangu, nilifanya nilichozoea. Niligeuka kumtazama Meneja anitafsirie.

Alikuwa ananitazama. Macho yamefifia lakini yalikuwa kwangu. Akajinyanyua mara moja, akaanguka, akajinyanyua tena. Hakwenda kwenye jagi wala mlangoni. Alikwenda chini ya cherehani ya Mama, mahali pake, akalala kidevu kikiwa juu ya pedali, kwa sababu mguu haukuwepo.

Safari hii nilimsikia. Nilimbeba Mama, sijui nguvu nilizitoa wapi, nikamkalisha kwenye kiti chake, kile ambacho hajakikalia tangu augue. Nikamzungushia mto asianguke. Mguu wa kushoto ukaingia chini ya kidevu bila mtu kuuelekeza. Mama akakanyaga. Cherehani haikuwa na uzi wala kitambaa, sindano ilikuwa inapanda na kushuka hewani. Kichwa kikapanda na kushuka. Meneja akapumua, ile pumzi ndefu ya mbwa aliyefika.

Nilimpigia daktari simu saa ile ile. Akasema mvua imekata barabara ya kwake, atakuja asubuhi.

Mama alikanyaga mchana wote. Nilimwambia apumzike, akaniambia kesho. Nilimlisha pale pale, kijiko kwa kijiko, mguu hausimami. Jioni kidevu kiliendelea kupanda na kushuka, lakini nilipoweka kiganja ubavuni mwa Meneja hakukuwa na kitu tena. Mama alikuwa anajua. Machozi yalikuwa yamelowesha kola yake, yaani alijua kabla yangu, na mguu uliendelea. Sikumzuia. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto, nikaomba msamaha kwa sauti, kwake na kwa mbwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemzika nyuma ya nyumba, karibu na ule mlango. Udongo ulikuwa mlaini kwa mvua.

Jumanne, 23 Aprili

Amesema kesho. Nimeleta maji, hapana. Blanketi, hapana. Choo, hapana. Amefumba macho.

Jumatatu, 29 Aprili

Amesema kesho. Sijui.

Mvua zinapungua.

Jumapili, 5 Mei

Jua. Kaka amekuja na gari, ameweka godoro kiti cha nyuma, amenunua na mto mpya. Hakunikuta na hoja. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo za Mama tangu jana, nikazikunjua, nikazikunja tena.

"Pole kwa Meneja," akaniambia mlangoni. Nikaitika kwa kichwa.

Nilimpa Mama maji ya safari. Akapokea kikombe. Akakisogeza ukingoni mwa kitanda, vidole vinatetemeka, akakiinamisha, na maji yakatiririka uzi mwembamba mpaka sakafuni. Akasubiri. Akamimina tena kidogo.

Kaka alirukia kitambaa. "Unaona? Hata kikombe hawezi kushika."

"Acha!" Nilimshika mkono kabla hajagusa. "Anaweza. Mtazame. Anaweza kuliko mimi na wewe."

Nikamweleza yote. Kiu, mlango, kandambili, pedali. Nilimweleza na siku ile aliyokuja, Mama analia na sisi tunamlazimisha kunywa, na mwenye kiu amesimama hapo mbele ya macho yetu. Sikujisafisha. Maji yalikuwa yanasambaa taratibu juu ya saruji mpaka chini ya cherehani, na hakuna aliyekuja kuyanywa.

Kaka alichuchumaa. Alikaa hivyo, mtu mzima na suruali yake ya safari, akiyatazama yale maji. Kisha akaniambia bila kugeuka, "Mimi kwangu ningeyafuta." Akalia. Tangu baba yetu afe sijamwona akilia.

Mto mpya ameuacha. Gari limeondoka na godoro tupu. Amesema atakuwa anakuja mara kwa mara, na nitafute mtu wa kunisaidia kushona. Nilikuwa namwona ni mtu wa kunipora, kumbe ni kwamba hakuwa na wa kumwonyesha.

Tulipobaki wawili nilikaa chini, pale palipokuwa na maji, mgongo kwenye miguu ya cherehani. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia peke yake, nikauchukua nikauweka mapajani. Akanyoosha mkono. Akanishika sikio, akalisugua kwa kidole gumba, kule nyuma, kama alivyokuwa akimsugua yule mwingine.

"Kesho," akasema. Kwa ile sauti.

Sijui maana yake, nesi. Nimesema ndiyo, Mama. Nimekaa.